Taa za Krismasi zinacheza? Funga kompyuta kwanza

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wale wasomaji wangu wachache waaminifu wanajua kwamba nikinyamaza hivi huwa natafuta namna ya kukiri kosa. Mnisamehe. Leo sitaandika juu ya lugha za kompyuta wala simu mpya. Nataka kuandika juu ya waya, na juu ya ugonjwa mmoja tulio nao sisi waandishi wa programu. Ugonjwa huo ulinifanya nusura nichome banda la makuti la mama yangu.

Ugonjwa wenyewe ni huu: kitu kikiharibika, tunatafuta kosa pale tunapojua kutengeneza, si pale lilipo.

Sasa nisimulie. Desemba 2024 nilikwenda nyumbani Mombasa nikiwa na mkoba uliojaa taa za pikseli. Kwa asiyezijua, hizi si zile taa za Krismasi za zamani ambazo zote huwaka na kuzima pamoja. Ndani ya kila taa mna kichipu kidogo, na unaweza kuiamuru taa ya 37 iwe nyekundu, ya 38 iwe buluu, na ya 39 izime, mara nyingi kwa sekunde. Ukizipanga vizuri unapata nyota inayokimbia, bendera, hata maandishi. Kwa mwandishi wa programu ni peremende tupu.

Nilikuwa na nyuzi 5, kila uzi una taa 50, kwa hivyo jumla taa 250 za volti 5, aina ya WS2811. Nilikuwa na kile kisanduku cha kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 5, ambacho hapa nitakiita saplai. Ubongo wa kazi yote ulikuwa ESP32, kile kibao kidogo chenye Wi-Fi ambacho bei yake haimtishi mtu. Kuna programu ya bure iitwayo WLED ambayo ingenifanyia kazi yote kwa nusu saa. Lakini mimi ni mtaalamu bwana! Nikaandika ya kwangu.

Nikazungusha nyuzi zote chini ya paa la banda la makuti uani, pale familia inapokaa jioni. Nikaziunganisha moja nyuma ya nyingine, na kuzilisha umeme kutoka ncha moja, kwa waya mwembamba wa mita 5 hivi kutoka dirishani. Jioni ikafika, watoto wa mtaa mzima wakaja kutazama, na waja Krismasi na wasioila. Nikawasha.

Buluu ilikuwa safi. Kijani ilikuwa safi. Nilipoamuru nyeupe, taa za mwanzo zikawa nyeupe, za kati zikawa manjano kama chai ya maziwa, na za mwisho zikawa nyekundu, kisha zikaanza kuchezacheza na kutupa rangi ambazo hakuna aliyeziamuru. Watoto walishangilia, maana walidhani ndivyo ilivyopangwa. Mimi nilijua. Nikafungua kompyuta.

Usiku wa kwanza nilipunguza kasi ya kutuma data. Usiku wa pili nilibadilisha maktaba ya msimbo niliyokuwa nikitumia, nikaweka nyingine. Usiku wa tatu niliandika upya sehemu nzima ya kupima muda, mpaka adhana ya alfajiri ikanikuta nimeinama. Na ajabu ni kwamba kila nilipobadilisha kitu, taa zilitulia kidogo, nikajiona niko njia sahihi. Baadaye ndipo nilipong'amua kwa nini. Kila nilipoandika toleo jipya, nililijaribu kwanza kwa buluu peke yake, ambayo hula umeme theluthi tu ya ule wa nyeupe. Nilikuwa napunguza mzigo bila kujua, halafu naipa programu yangu sifa.

Siku ya nne mama alichoka. Alimwita fundi, mzee mmoja anayetengeneza redio na televisheni kwenye kibanda karibu na stendi. Nilikasirika kidogo, sitaficha. Mimi ninayelipwa na watu wa ng'ambo kuandika programu, nije nisaidiwe na fundi wa redio?

Nilimwamkia, akaitikia, akatazama juu kwenye makuti kwa muda. Kisha akaniuliza neno moja.

"Umepima?"

"Mzee, programu nimeipitia yote. Nadhani ni suala la muda wa data, kwa sababu..."

"Sikuuliza programu, mwanangu. Nimeuliza, umepima?"

Sikuwa nimepima. Sikuwa hata na multimita. Yake ilikuwa ya mshale, ya zamani, imefungwa kwa utepe mweusi. Akaniambia niwashe nyeupe. Akapima kwenye saplai: volti 5. Akapanda ngazi, akapima pale waya unapoingia bandani: volti 3.3. Akaenda taa ya mwisho: volti 2.8. Halafu akarudi pale mwanzo, akagusa kiunganishi cha plastiki kwa mgongo wa kidole, akakiondoa kidole haraka. Hakusema kitu. Alishuka, akaenda ukutani, akazima swichi mwenyewe.

Kiunganishi kilikuwa kimebadilika rangi, kimekuwa cha kahawia upande mmoja. Nami nilikuwa nimekifunga kwa kamba kwenye makuti makavu, mwezi ambao upepo wa kaskazi unavuma.

"Hapa hapana kosa la kompyuta," aliniambia. "Hapa pana moto, umekosa nafasi tu."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikiwafikiria wale watoto waliokaa chini ya lile banda siku tatu, wakati mimi nahesabu nanosekunde.

Nilipiga hesabu baadaye, hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kila taa ina rangi tatu, na kila rangi hula hadi miliampea 20. Nyeupe kamili ni miliampea 60. Zidisha kwa taa 250, unapata ampea 15. Sasa tazama waya wangu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 0.5 una ukinzani wa karibu ohm 0.034 kwa kila mita. Mita 5 kwenda na mita 5 kurudi ni mita 10, yaani ohm 0.34. Ampea 4 tu zikipita hapo, unapoteza karibu volti 1.4 njiani. Taa zangu zilikuwa zinaomba ampea 15 na waya ulikuwa unawapitishia 4 hivi, kama mtaa mzima unaochota maji kwenye mfereji mmoja. Wa mwisho kwenye foleni anapata matone.

Na kile kiunganishi? Kikiwa kimelegea, ukinzani wa ohm 0.1 si ajabu. Ampea 4 zikipita, joto lake ni wati 1.6. Utasema ni kidogo. Ndiyo, ni kidogo kama umeisambaza chumbani. Iweke kwenye kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mahindi, ndani ya plastiki, uone. Na kadiri kinavyopata moto ndivyo mguso unavyozidi kuharibika, na ukinzani kupanda.

Hapa pana kosa la fikra ambalo wengi tunalo. Tunasikia "volti 5" tunadhani ni kitu cha kuchezea, kama chaja ya simu. Ni kweli volti 5 hazitakurusha. Lakini kinachochoma nyumba ni joto, na joto kwenye kiungo kibovu hukua kwa mraba wa ampea. Ampea zikiwa mara mbili, joto ni mara nne. Taa hizi za volti ndogo hubeba ampea kubwa kuliko vifaa vingi ulivyo navyo ndani ya nyumba. Friji yako haifikishi ampea 15 ikiwa inaendelea na kazi yake.

Basi, kwa faida ya yeyote anayepanga kupamba nyumba, kanisa au duka sikukuu zijazo, nieleze nilichojifunza. Kuchezacheza kwa taa kuna lugha yake. Ukiisikiliza, hukwambia kosa liko wapi kabla hujafungua kompyuta.

Ikiwa taa zinacheza zikiwa nyeupe na angavu, lakini zinatulia ukizififisha, na za mwisho zinageuka nyekundu, huo ni umeme usiotosha. Nyekundu inaishi kwa volti 2 hivi, lakini kijani na buluu zinataka karibu 3. Volti zikishuka, buluu na kijani zinakufa kwanza, nyekundu inabaki peke yake. Dawa ni waya mnene, na kulisha umeme mahali kadhaa badala ya ncha moja.

Ikiwa wazimu unaanzia taa ya kwanza kabisa, hata mwanga ukiwa mdogo, tazama waya wa data. ESP32 inasema kwa volti 3.3. Kichipu cha taa kinachokula volti 5 kinataka angalau asilimia 70 ya volti zake ili kikubali kwamba kimeambiwa "moja", yaani volti 3.5. Umekosa kwa volti 0.2! Ndiyo maana leo zinafanya kazi, kesho hazifanyi, na unaanza kuamini uchawi. Dawa ni chipu ndogo ya kupandisha volti za data, kama 74AHCT125 au 74HCT245, rezista ya ohm 330 hivi kwenye waya wa data, na waya wenyewe uwe mfupi.

Ikiwa kibao chako kinalishwa na chaja ya simu, na taa zinalishwa na saplai nyingine, na rangi ni za ovyo ovyo, uliza kama waya hasi wa pande zote mbili umeunganishwa. Data ni kimo kinachopimwa kutoka kwenye hasi. Kama hasi ni mbili zisizojuana, ni sawa na watu wawili wanaopimana urefu, mmoja amesimama chini na mwingine juu ya kiti. Unganisha hasi. Chanya za saplai mbili tofauti usiziunganishe.

Ikiwa taa zote ni nzuri mpaka ya 83, halafu giza au fujo, usihangaike na nyingine 248. Kila kichipu huchukua sehemu yake ya data, biti 24, kisha hupitisha zilizobaki kwa jirani. Kwa hiyo mshukiwa ni ya 83, ya 84, au kiungo kilichopo kati yao. Kumbe tumerudi kule kule kwa taa za utotoni, moja ikifa zinazofuata zinakufa. Tofauti ni kwamba sasa angalau unajua uanzie wapi.

Na ikiwa macho yako hayaoni kitu ila video ya simu inaonyesha mistari inayokimbia, taa zako ni nzima. Taa hizi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima mamia ya mara kwa sekunde, na kamera inazikamata zikiwa zimezima. Usifungue kitu.

Sasa utaniuliza, je, programu haina kosa kamwe? Inalo, na nisingependa kuwadanganya. Biti moja ya data huchukua mikrosekunde 1.25, na tofauti ya "sifuri" na "moja" ni chini ya nusu ya mikrosekunde. Kibao kidogo kama ESP8266 kikikatizwa katikati ili kujibu Wi-Fi, data inavunjika na taa zinaruka. Kuna pia makosa ya kijinga, kama kuandika idadi ya taa vibaya au kupanga rangi kijani-nyekundu-buluu badala ya nyekundu-kijani-buluu. Haya yapo.

Lakini kuna jaribio la dakika moja linaloamua kesi. Taa hizi zinakumbuka rangi ya mwisho zilizoambiwa. Basi tuma nyeupe mara moja tu, kisha iache programu isitume chochote. Kama taa bado zinabadilika rangi au zinacheza, programu yako haina hatia, kwa sababu haisemi neno. Dakika moja! Mimi nilitumia siku tatu kwa kutolifikiria jaribio hilo. Nilitaka kosa liwe kwenye programu, kwa sababu kwenye programu mimi ndiye bwana. Ningeweza kulitengeneza nimekaa, bila ngazi, bila kuchafuka mikono, bila kumuuliza mtu.

Najua pia kuna watakaosema, "Wewe ulinunua vibaya, ungechukua za volti 12." Ni ushauri mzuri kwa umbali mrefu. Kupoteza volti 1 katika 12 si sawa na kupoteza 1 katika 5. Lakini za volti 12 zisingekaza kile kiunganishi kilicholegea, wala zisingenifundisha kupanda ngazi na kupima. Anayetibu kila ugonjwa kwa kununua kitu kipya hajatibu kitu.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Taa za umeme kwenye mti wa Krismasi zina zaidi ya miaka 140. Mwaka 1882, huko New York, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliupamba mti wake kwa balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu. Ule mti ulizunguka na taa zilibadilishana kuwaka, bila mstari hata mmoja wa programu. Tangu siku ile mambo mengi yamebadilika, lakini umeme bado unapita kwenye shaba, na shaba bado inahitaji unene na kiungo kilichokazwa. Programu yangu, hata iandikwe kwa ustadi gani, inasimama juu ya hayo.

Sisi wa kizazi hiki tumejifunza kujiita wahandisi. Kozi za kuandika programu zimejaa Nairobi na Mombasa, na vijana wanatoka huko wanajua kujenga tovuti kwa siku mbili. Hilo ni jema. Lakini ni wangapi kati yetu wameshika multimita? Ni wangapi wanajua kulehemu waya mbili? Na mtu anayejua hayo yote tunamwita "fundi tu", hilo "tu" likiwa na uzito kuliko jina. Maoni yangu ni kwamba kila anayefundishwa kuandika programu ya kuendesha kitu cha kugusika, iwe taa, pampu ya maji au mlango, afundishwe kupima umeme kabla hajafundishwa mstari wa kwanza. Programu mbovu ya tovuti itamuudhi mteja. Programu nzuri juu ya waya mbovu inaweza kuua mtu.

Tulimaliza kazi pamoja, mimi na yule mzee, mchana mmoja. Waya mpya wa milimita mraba 2.5, umeme unaingia sehemu tatu badala ya moja, fyuzi ndogo kwa kila tawi, na viungo vyote vimelehemiwa, vimefunikwa, na vimetolewa kwenye makuti kabisa, viko kwenye nguzo ya mbao ambapo mtu anaweza kuviona na kuvigusa. Saplai tuliiweka ndani ya nyumba, ndani ya kisanduku, na ule upande wa volti 240 aliufanya yeye, pamoja na waya wa ardhini. Mimi nilifanya kazi yangu moja ya programu: niliweka kikomo cha mwanga kisizidi asilimia 40. Ampea zikashuka kutoka 15 hadi 6, na hakuna mtoto hata mmoja aliyelalamika kwamba taa zimefifia. Jicho halioni tofauti kubwa hivyo.

Nilipomuuliza malipo alisema shilingi 500. Mimi hulipisha zaidi ya hapo kwa kusoma barua pepe ya mteja. Nilimlipa zaidi, akakataa, mama akamfungashia mahamri akakubali.

Kabla hajaondoka alinitaka nimwonyeshe hiyo programu. Nilimfungulia, nikamweleza jinsi kila taa inavyopewa namba na kila namba rangi yake. Alisikiliza kwa makini, akauliza maswali mawili, yote ya maana. Hakusema "mimi ni fundi wa redio, hayo si yangu". Nikaona haya.

Basi ndugu msomaji, kama unazo taa zinazocheza, fanya hivi. Zima. Funga kompyuta. Gusa viungo vyote kwa mgongo wa kidole, upande wa volti 5 tu, saplai ikiwa imetoka kuzimwa. Kilicho moto ndicho mwanzo wa hadithi. Kisha tafuta multimita, upime mwanzo na mwisho. Ukishindwa, kuna mzee kwenye kibanda fulani karibu na stendi ya kwenu. Muamkie kwanza.